Upepo Kati ya Meza Mbili

Nilipoanza kazi Kigali, swali la kwanza nililouliza ofisini halikuwa la mshahara wala la mahali choo kilipo. Niliuliza, "Huu upepo unatoka wapi?"

Walikuwa wameniketisha katika chumba cha watafsiri, ghorofa ya juu ya jengo la vioo. Tulikuwa wawili tu chumbani humo. Mimi nilitafsiri kwenda Kiswahili. Mwenzangu, mama mtu mzima wa Kinyarwanda aliyezaliwa na kukulia Uganda, alishughulika na Kiingereza na Kinyarwanda. Meza zetu zilitazamana, na juu yetu, katikati kabisa, dari ilikuwa na wavu mrefu wa chuma. Kila asubuhi baada ya walinzi kuwasha mitambo, wavu ule ulitoa upepo baridi, laini, usio na haraka, ukashuka moja kwa moja shingoni mwangu.

Mimi ni mtu wa Tabora. Nimekulia katika joto kavu, mahali ambapo mchana mbwa hulala chini ya magari na watoto hutembea upande wa barabara wenye kivuli. Mume wangu ni Mnyarwanda aliyekulia Ngara. Tulikutana Mwanza chuoni, tukaoana, tukaishi huko miaka kadhaa, kisha yeye akapata kazi kwao nami nikamfuata. Alinionya kuhusu vilima, akanionya kuhusu mvua ya Aprili. Habari ya kukaa ndani ya jengo na kutetemeka wakati nje jua linawaka hakuwa nayo.

Siku ya kwanza nilimsalimia yule mama, "Shikamoo."

Akanyanyua macho kutoka kwenye karatasi zake, akatabasamu kidogo, akajibu, "Asante."

Sikumrekebisha. Kila asubuhi niliendelea kumpa shikamoo yake, naye akaendelea kushukuru.

Ukutani, karibu na mlango, kulikuwa na kiboksi cheupe chenye namba za joto. Siku ya pili nilipopita kwenda kuchukua chai, nilikibonyeza mpaka ishirini na sita. Niliporudi na kikombe changu kilisoma ishirini. Nilimtazama. Alikuwa ameinamia kazi, kalamu mdomoni. Saa ya chakula nikapandisha tena, na kabla sijamaliza kufuta mafuta ya sambusa vidoleni kikawa kimeshushwa tena.

Tuliishi hivyo wiki nyingi. Hatukugombana kwa mdomo. Aliniita "Madamu", kwa heshima ya mbali, nami nilimwita "Mama", kwa heshima ya mbali vilevile, na ugomvi wote ukabaki ukutani, kwenye zile namba. Sokoni Kimironko, karibu na tulikopanga, nilinunua kitenge kizito nikawa najifunika mabegani. Kisha nikanunua cha pili cha miguuni. Wenzetu wa vyumba vingine walipochungulia walisema nimekuwa kama bibi harusi anayesubiri kutolewa nje. Nami nilimwona mwenzangu akiwa na kitambaa kidogo cha pamba mkononi muda wote, akijifuta juu ya mdomo, akijipepea kwa jalada la faili huku upepo baridi unampiga usoni. Niliamini anafanya makusudi. Nilimwambia mume wangu jioni, "Yule mama anataka nirudi Tabora."

Siku moja maneno yakatoka. Nilikuwa na mafua, nimesimama kwenye kiboksi, kidole juu ya kitufe, naye akasema bila kuinua kichwa, "Madamu, iache hiyo."

"Mama, nina mafua."

"Nyinyi mnatoka kwa joto. Mutazoea."

"Nitazoea vipi kila wiki naumwa?"

"Na mimi je? Unataka nikufe hapa?"

Alisema *nikufe* kwa sauti iliyokatika katikati. Kisha akachukua simu ya mezani, akampigia msimamizi wa jengo, akasema kwa Kinyarwanda jambo ambalo wakati ule nililielewa nusu tu: kwamba mashine ya chumba chetu ni mbovu na aje mtu aitazame. Kwa mara ya kwanza tulikubaliana. Kosa lilikuwa la mashine.

Fundi alikuja kesho yake asubuhi. Alikuwa Mkongomani wa Bukavu, mrefu, mpole, anavua viatu kabla ya kupanda ngazi ili asichafue zulia. Alisukuma kipande cha dari pembeni, akawasha tochi, akatuita.

"Bamama, mukuje muone."

Nilipanda ngazi nikaangalia. Nilitarajia kitu kikali, chenye meno ya barafu. Niliona sanduku la bati lenye feni ya mviringo, na mbele ya feni mirija ya shaba iliyokunjwa ikienda na kurudi, ikipenya katikati ya vibati vyembamba sana vilivyopangwa kama kurasa za kitabu kinene. Chini yake palikuwa na sinia la kukusanya matone. Kila kitu kilikuwa na jasho, kama chupa ya soda iliyotolewa kwenye friji.

"Hii tunaita feni koili," alisema. "Kule juu ya paa iko mashine kubwa. Inapoza mayi. Mayi inashuka na bomba, inapita humu kwa shaba, feni inavuta hewa ya chumba na kuipitisha hapa katikati. Hewa inaacha joto yake kwa mayi. Mayi inapanda nayo juu, inaitupa inje."

"Kwa hiyo haituletei baridi?" niliuliza.

"Hapana, Mama. Inabeba joto yenu tu. Inaitoa humu."

Nilibaki pale juu ya ngazi muda kidogo. Kazi yangu ni kuhamisha maana kutoka lugha moja kwenda nyingine, na nilipenda kwamba kuna kitu darini mwetu kinachohamisha joto namna hiyo, kimya kimya, kutoka hewani kwenda majini na kutoka majini kwenda angani.

Mwenzangu aliuliza kutoka chini kama bomba lile lile haliwezi kuleta joto. Fundi akasema linaweza. Ile mashine ya paa ikigeuzwa hupasha maji moto badala ya kuyapoza, na asubuhi za mvua kubwa huwa wanafanya hivyo. Lakini bomba ni moja kwa jengo zima. Maji yakiwa baridi ni baridi kwa wote, yakiwa moto ni moto kwa wote. "Siwezi kumupa mumoja moto na mwingine baridi," alisema, kama mtu anayeomba radhi.

Alisafisha kichujio kilichojaa vumbi, akapangusa sinia, akarudisha kipande cha dari. Kisha akatoa mfukoni kipimajoto chenye waya mwembamba. Akakishika juu ya meza yangu, akasubiri namba itulie. Nyuzi ishirini na tatu. Akakipeleka juu ya meza ya mwenzangu. Ishirini na tatu.

Akarudia, maana aliona nyuso zetu. Namba hazikubadilika.

"Mashine iko muzuri," alisema polepole, akiviringisha waya wake. "Hewa iko muzuri. Sasa tatizo sijue iko wapi."

Akavaa viatu, akatuaga, akaondoka. Tukabaki tunatazamana, mimi na vitenge vyangu viwili, yeye na kitambaa chake kilicholowa.

Yeye ndiye aliyeondoka kwanza. Alitoka chumbani kwa haraka, nami nikadhani amekasirika. Nilikaa, nikafungua kazi, nikaifunga. Mwishowe nikamfuata. Nilimkuta mwisho wa korido, penye dirisha pekee linalofunguka katika ghorofa yetu, amelisukuma mpaka mwisho, ameegemeza paji la uso kwenye chuma cha fremu. Shati lake lilikuwa limeshikana na mgongo. Chini yetu bodaboda zilipanda mlima, na upande wa pili wa bonde mvua ilikuwa imeshaanza kuziba nyumba moja baada ya nyingine.

"Mama," nilimwita. "Unaumwa?"

Alitikisa kichwa. Kisha, bila kugeuka, akasema, "Unanipa neno. Wewe ni mutu wa Kiswahili. Mwanamke akifika umri wangu, ile ya kila mwezi ikiisha, mnasemaje?"

"Tunasema kukoma hedhi."

"Kukoma?" Akageuka. "Kama vile mutoto anaambiwa *koma*?"

Sikuweza kujizuia, nikacheka. Naye akacheka, machozi na jasho pamoja, akijifuta kwa kiganja.

"Sisi tunasema *gucura*," alisema. "Neno hilo hilo ni la mhunzi akifua chuma. Labda hao wazee walijua kuna moto." Akaweka kiganja kifuani. "Unaanzia hapa. Unapanda shingo, unapanda uso, mpaka kichwa. Niko kwa mkutano, watu wananiangalia, ninamwaga maji kama bomba. Usiku ninatupa blanketi, mzee wangu anauliza kama tuna vita. Humu ofisini wote ni vijana. Nikisema, kesho wataanza kunitafutia keki ya kustaafu."

Nilisimama karibu naye dirishani. Nikamshika mkono. Akashtuka, akaushika mkono wangu kwa mikono yake yote miwili, akaugeuza kama mtu anayekagua nyanya sokoni.

"Yesu. Mikono gani hii? Imetoka kwa friji?"

"Ndiyo hiyo nakwambia kila siku, Mama. Nasikia baridi."

"Nilidhani ni madoido," alisema, akaendelea kuisugua.

Kuanzia siku ile hakuniita tena Madamu. Aliniita *mwana wanjye*, mwanangu, nami nikapata ujasiri wa kumfundisha kwamba shikamoo huitikiwa marahaba. Alijaribu mara mbili tatu, lakini ulimi wake ulilipenda lile "asante" lake, basi tukaliacha.

Jumatatu iliyofuata alikuja na kitu kirefu amekifunga kwa gazeti. Alikuwa amepita Gisozi, kwenye karakana za maseremala, akamsumbua mmoja kwa maswali mpaka akamtengenezea ubao mwembamba, mwepesi, umepakwa rangi nyeupe ya dari, una kulabu nne ndogo. Alimwita yule fundi wa Bukavu, wakautundika chini ya wavu, umeinama kuelekea upande wake. Upepo ukitoka unagonga ubao, unateleza, unamwendea yeye peke yake. Meza yangu ilitulia. Hata karatasi hazikutikisika tena.

"Sasa kila mutu ana hali ya hewa yake," alisema, amekaa sawasawa chini ya upepo, macho amefumba, anafurahi kama mtu aliye kwenye maji.

Nilifurahi mno. Nilimwambia mume wangu, akasema huyo mama inabidi aalikwe nyumbani ale wali wa nazi. Niliweka vitenge vyote viwili droo ya chini.

Kabla ya wiki kwisha nilikuwa nimevitoa tena.

Nilijaribu kuvitoa kwa siri, mwenzangu akiwa chai. Aliporudi alisimama mlangoni akanitazama kwa muda. Akaja upande wangu, akanyoosha kiganja hewani juu ya kichwa changu, akautafuta upepo kama anavyotafutwa inzi. Hakukuwa na upepo. Jua la saa nne lilikuwa limelala juu ya meza yangu, juu ya mikono yangu, na kucha zangu zilikuwa za bluu.

Alivuta kiti chake akakaa mbele yangu, magoti yakigusana.

"Mwana wanjye. Unachoka?"

"Kila mtu anachoka."

"Ukiamka asubuhi, umechoka?"

Nilikubali.

"Nywele zinatoka? Mimi ninaziona kwa kiti chako."

Nilikuwa nimezizoea. Nilidhani ni maji ya Kigali.

"Nina dada yangu Mbarara," alisema. "Alikuwa anavaa sweta saa saba mchana, jua kali, sisi tunachoma mahindi tunamcheka. Alinenepa bila kula. Alilala kwa kila kiti. Tulisema ni mvivu. Kumbe ni hapa." Akagusa shingo yake, chini ya koo. "Kuna kitu kidogo humu, kinawasha moto wa mwili. Chake kilikuwa kimelala. Walimpa dawa, akaamka kama mutu mwingine. Mashine ile juu iko sawa, fundi alisema. Ubao uko sawa. Sasa tuangalie wewe."

Hapo nikamwambia jambo ambalo hakuna mtu wa Kigali aliyekuwa analijua, isipokuwa mume wangu. Nilimwambia kwamba Mwanza nilipata mimba, ikafika mahali nimeshaanza kuongea nayo nikipika, na ikatoka. Kwamba tangu hapo tulikuwa tunasubiri, na kwamba kusubiri kumegeuka kuwa kitu kinachokaa nasi mezani, tunakipisha tukitaka chumvi. Watu wa pande zote mbili waliacha kutuuliza, na kule kuacha kuuliza kuliniuma kuliko maswali.

Hakusema "pole" haraka haraka. Alilitoa koti lake mgongoni mwa kiti alichokalia, lile ambalo alilivaa kwa ajili ya barabarani tu maana humo ndani hakulihitaji, akanivika juu ya vitenge. Lilikuwa na joto lake bado. Kisha akasema, "Kesho hatuji kazini mapema. Tunaenda kupima damu."

Tulienda. Mume wangu alitaka kuja, lakini alikuwa na safari ya kikazi Rusizi, basi mama yule akanisindikiza, amebeba chupa ya uji mkobani kwa ajili ya baada ya sindano. Chumba cha kusubiria kilikuwa cha kisasa, na darini mlikuwa na wavu mrefu kama wetu unaovuma taratibu. Tuliinua macho kwa pamoja, tukaangaliana.

"Usiguse kiboksi," alininong'oneza.

Daktari alikuwa binti mdogo kuliko mimi, mwenye sauti ya upole. Majibu yalipotoka alichora shingo kwenye karatasi, akachora ndani yake umbo kama kipepeo. Akasema tezi hiyo ndiyo inayoamua mwili uchome chakula kwa kasi gani, na yangu imekuwa ikifanya kazi kwa uvivu muda mrefu. Baridi, uchovu, nywele, yote yalitoka hapo. Nilimuuliza kuhusu mimba. Alifikiri kabla ya kujibu. Alisema tezi ikilala hivyo mimba huwa ngumu kushika na ngumu kukaa, kwamba hawezi kuniahidi kitu, ila huko nyuma hakukuwa na jambo nililolikosea.

Sikujua kuwa nilikuwa nikiyasubiri maneno hayo mpaka nilipoyasikia. Nililia pale pale. Mama alinifungulia chupa ya uji.

Dawa ilikuwa kidonge kidogo sana, cha kumeza asubuhi kabla ya chai na kabla ya kitu chochote. Mume wangu aliporudi kutoka Rusizi nilimweleza tukiwa tumekaa kitandani. Alisikiliza, kisha akaenda jikoni akarudi na glasi ya maji yenye kisahani juu, akaiweka upande wangu. Hakusema ni ya nini. Asubuhi nilipoamka ilikuwa pale, na ya kesho yake pia, na mpaka leo sijawahi kuamka nikakuta glasi haipo.

Joto halikurudi kwa kishindo. Nilikuwa nimelisubiri kama mtu anayesubiri umeme urudi, taa zote kwa mara moja, lakini lilikuja kwa kunyata. Kwanza nikaacha kulala kwenye gari la wafanyakazi. Kisha nikaona vidole vyangu vinachapa haraka. Siku moja, mvua ya masika ikipiga vioo na msimamizi wa jengo akiwa ameagiza maji ya moto yapite kwenye mabomba kwa ajili ya kila mtu, mwenzangu alikuwa amekimbilia dirishani mwa korido kama kawaida yake, akarudi akasimama mlangoni akaniangalia.

"Shuka lako liko wapi?"

Nilijitazama. Nilikuwa na blauzi ya mikono mifupi. Vitenge nilikuwa nimevisahau nyumbani na sikuwa nimevikumbuka siku nzima. Alikuja akanishika mikono yote miwili, akaigeuza huku na huku, akaipeleka shavuni mwake.

"Iko moto," alisema. "Iko moto kabisa."

Kisha akaniachia ghafla, maana joto lake nalo lilikuwa limempanda, akarudi mbio kwenye dirisha lake.

Kwa upande wake mambo yalikwenda polepole zaidi. Nilimshawishi naye amwone daktari, kwa maneno yake mwenyewe: mashine iko sawa, ubao uko sawa. Alipewa ushauri, akapunguza chai ya tangawizi, jambo lililomuuma sana, akaanza kutembea jioni kwenye shamba lake Ndera badala ya kukaa mbele ya televisheni. Siku za moto zilibaki, lakini hazikuwa tena siri. Siku moja mkutanoni, mbele ya wakubwa, jasho lilipoanza, aliinua mkono akasema, "Samahani, ninafuliwa kama jembe, mutu afungue mulango." Wanawake wawili wa idara nyingine walimfuata baadaye koridoni, wakasimama naye dirishani muda mrefu.

Alijua nina mimba kabla sijamwambia. Sijui alijuaje. Alichofanya ni kuanza kuniletea maziwa ya mgando ya ng'ombe wake kwenye kidumu kidogo, na kunikataza kubeba makabrasha. Hakuuliza, nami sikusema, kwa sababu wote wawili tuliogopa kulitamka. Daktari aliongeza dawa, akanipima mara kwa mara. Mume wangu aliacha kupiga mluzi ndani ya nyumba, eti asije akashtua kitu. Miezi ilipita tukitembea kwa ncha za vidole. Ulipopita ule wakati ambao Mwanza kila kitu kilikatika, nilikwenda upande wa meza yake, nikasimama, nikauchukua mkono wake nikauweka tumboni. Mtoto akapiga teke.

Alipiga kelele ya furaha ya wanawake wa Uganda, ile ya ulimi, ndani ya jengo la vioo, saa tano asubuhi. Watu walitoka vyumbani wakidhani kuna moto.

Binti yetu alizaliwa salama, mdogo, mwenye nywele nyingi. Mama mkwe wangu alikuja kutoka kwake kukaa nasi, na mama yangu aliongea nami kila siku kwa simu kutoka Tabora akilia na kuimba. Mwenzangu alikuja kunitazama kama desturi ya huku ilivyo, mzazi hupelekewa uji na chakula. Alileta sufuria ya uji wa mtama aliyoipakata kwenye basi kutoka Ndera, amemwambia kila abiria asimguse.

Siku ya kumpa mtoto jina tuliwaalika watu wachache sebuleni kwetu Kimironko. Kwa Wanyarwanda kila aliyekuja hutoa jina analopendekeza, mmoja mmoja, na anasema kwa nini, kisha baba ndiye anayeamua. Watoto wa jirani walianza, wakatoa majina ya kuchekesha. Wifi zangu walitoa majina yanayomtaja Mungu. Mama yangu alitoa lake kwa simu, sauti ya juu kabisa, likiwa jina la bibi yake.

Ilipofika zamu ya mwenzangu alisimama, akajiweka sawa nguo. Nilifikiri atasema kitu kuhusu ofisi. Badala yake alizungumza kwa Kinyarwanda, taratibu ili nifuate, na kwa wakati ule nilikuwa nafuata. Alisema yeye ana watoto watatu wa kiume, wote wameenda mbali kutafuta maisha, na kwamba alipokuwa msichana Uganda, katika nyumba ya wakimbizi, mama yake alimwambia kuna jina amelitunza kwa ajili ya mjukuu wa kike. Mjukuu wa kike hakuja. Mama yake amekufa. Amelibeba jina hilo miaka yote na hajalitamka mbele za watu.

Akalitamka.

Mume wangu alimtazama mtoto, akanitazama mimi, kisha akasimama na kumshukuru kila mtu kwa majina yao mazuri, kama adabu inavyotaka. Ndipo akalirudia lile la mwisho, akaongeza la bibi wa mama yangu baada yake, na akasema huyu ndiye binti yetu.

Sitaliandika hapa, ni mali yake, atalisema mwenyewe akitaka. Nakumbuka tu kwamba yule mama hakupiga vigelegele safari hii. Alikaa chini, akanyoosha mikono, akasema, "Nipeni, nimwite mimi wa kwanza," nasi tukampa.